Zungusha Tena, Bosi: Visa Kumi vya Vioo vya Mkono, Kutoka Mnero

Ukitaka kujua umri wa gari kwenye njia za Nachingwea na Ruangwa, achana na namba za usajili. Mtazame abiria wa mbele vumbi linapokuja. Akibonyeza kitufe, gari ni la juzi. Akizungusha, gari lina historia. Akikikamata kioo kwa viganja viwili na kukivuta juu huku dereva akimwambia, "Taratibu mama, hicho kina masharti yake," basi ujue umepanda gari la kwetu Mnero, na nauli haina punguzo.

Vioo vya umeme si jambo jipya duniani. Packard ya Marekani ilikuwa navyo tangu 1940. Huku kwetu vilichelewa, na vilipofika vikakuta vumbi limeshajenga na kuhamia. Kioo cha umeme kikigoma unabaki kubonyeza na kusikilizia. Cha kuzungusha kikigoma unafungua mlango, unamwona mkosaji kwa macho yako mwenyewe, unamshika. Kwa hiyo wenye magari ya zamani wasionewe huruma sana. Wana shida, ndiyo, lakini ni shida zinazoonekana.

Vifuatavyo ni visa kumi, kuanzia kinachochekesha hadi kinachokula hela. Mpangilio ni wangu. Fundi wako akiwa na wake, Mnero Miembeni ipo na kivuli kipo, mkae mmalizane.

10. Hendeli moja, milango minne

Gari la milango minne linatakiwa liwe na hendeli nne za vioo. La kwetu lina moja, na inakaa mfukoni mwa dereva pamoja na ufunguo wa nyumba.

"Konda, huku nyuma tunaiva!"

"Vumilia shangazi, hendeli iko kwa yule mzee mwenye kuku. Akimaliza inakuja."

Chanzo ni kidogo. Hendeli nyingi ni za plastiki na zina meno kwa ndani. Shina linalotokeza mlangoni ni la chuma na lina meno kwa nje. Plastiki na chuma vikisuguana, mshindi anajulikana tangu mwanzo. Siku moja unazungusha, hendeli inakwenda, kioo hakina habari.

Dawa ya njiani: kata ukanda mwembamba wa bati la kopo la soda, uzungushie kwenye shina, kisha ugandamize hendeli juu yake. Itashika hadi Masasi, mradi asipatikane abiria wa kujionyesha. Dawa mbaya ni ile tunayoipenda, ya kubana shina kwa plaizi na kuiacha ining'inie hapo mwaka mzima. Plaizi inatafuna meno ya shina, na mwenye kisa namba 10 anajikuta amehamia namba 3 bila kulipa nauli.

9. Klipu iliyoingia mchangani

Kwenye Land Rover na Kombi, hendeli imefungwa kwa skrubu, na mtu yeyote mwenye bisibisi na subira ataitoa. Toyota nyingi za zamani hazina skrubu. Kuna klipu ndogo ya waya iliyojificha nyuma ya hendeli, na asiyeijua huchokonoa kwa bisibisi bapa mpaka kava la mlango linatoboka, kisha anasema gari la Mjapani ni gumu.

Chukua kitambaa cha pamba, kipitishe kati ya hendeli na kava, ukishike ncha zote mbili na ukivute huku na huku kama anayepiga kiatu rangi. Kitambaa kinanasa ncha za klipu na kuisukuma nje. Klipu inatoka. Tena inatoka kwa kasi, inakwenda kujizika kwenye mchanga, na hapo ndipo watu wazima hupiga magoti bila kuwa kanisani.

Wenye akili hutandika khanga chini kabla ya kuanza. Wasiotandika wana sumaku ya spika mbovu: ifunge kamba, iburuze mchangani polepole, na klipu itaifuata pamoja na misumari ya mwaka juzi. Isipopatikana kabisa, spoku ya baiskeli ina ugumu unaofaa. Kata kipande, ukikunje kwa plaizi kifuate umbo la ile ya zamani. Baiskeli ya jirani haihusiki, nimesema spoku iliyokwishakatika.

8 na 7. Nailoni na matundu

Hivi viwili huja pamoja, navitaja pamoja.

Watu wengi wanaamini maji ya mvua hayatakiwi kuingia ndani ya mlango. Yanatakiwa, au tuseme yanaruhusiwa. Yanateleza kwenye kioo, yanapita kwenye raba, yanashuka ndani ya bati na kutoka kwa matundu yaliyo chini kabisa ya mlango. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava imewekwa ili maji hayo yasiguse hadibodi.

Sasa njoo kwetu. Fundi wa kwanza anaichana nailoni kwa sababu inamzuia kuona. Fundi wa pili anaitupa kwa sababu imechanika. Wa tatu haelewi kwa nini hadibodi imevimba na kava linaanguka kila mlango unapofungwa. Dawa ni nailoni mpya, hata ile ngumu ya kufunikia matofali, ibandikwe kwa gundi pande zote, na ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yarudi yanakotakiwa.

Na yale matundu? Yamezibwa na tope, maganda ya karanga na vocha za simu za miaka ile tukikwangua. Mvua zetu zikianza Novemba au Desemba mpaka zikatike Aprili au Mei, mlango unajaa. Ukiufunga kwa nguvu unasikia mawimbi ya Mikindani. Kutu inaanza chini, inapanda, inashika reli ya kioo, na mwenye gari anashangaa kioo kimekuwa kizito. Mzibuo wake ni waya mmoja na dakika chache. Hakuna spea ya bei nafuu kuliko tundu.

"Fundi, nimekuja kwa ajili ya kioo, wewe unazibua mlango?"

"Mzee wangu, kioo kinakaa wapi?"

6. Kioo kisichozungushwa na hakijawahi kuzungushwa

Kila baada ya muda huletwa Land Rover 109 ya wazee, na mwenye nayo mpya (karithi kwa mjomba) anauliza hendeli za vioo zilipotelea wapi. Hazikupotea. Land Rover zilianza 1948 na vioo vya mbele vya kusukuma mbele na nyuma, na hazikupata vioo vya kuzungusha hadi 1984, zama za Land Rover 110. Mjomba hakuuza kitu.

Shida ya hizi ni njia ya kusukumia tu. Kitambaa chake kinaoza, kinaota ukungu, na kioo kinasimama katikati kwa ubishi. Toa kitambaa, sugua njia, weka kingine. Kombi nazo zina hadithi hiyohiyo: za kwanza zilikuwa na vioo vya kusukuma kwenye milango ya mbele, na toleo lililotoka 1967 ndilo lililoleta vya kuzungusha. Kwa hiyo kabla hujamlaumu marehemu, angalia mwaka wa gari.

5. Kioo chenyewe kimekwenda

Hapa kicheko kinapungua. Jiwe limeruka, au mtoto amerusha embe bichi, au mlango umebamizwa na mtu anayetoka kwenye ugomvi wa simu. Kioo cha mlangoni hakiachi ufa wa kuviziavizia. Kinamwagika chote, vipande vidogovidogo, hadi ndani ya soksi.

Kinamwagika hivyo kwa makusudi. Kioo cha mlangoni hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla, uso wake ukagandamana na moyo wake ukabaki unavutana. Kinakuwa na nguvu sana, na siku kikishindwa kinavunjika kuwa chembe ambazo hazikuchinji. Lakini tabia hiyohiyo inakifanya kisikatike. Hakuna fundi, si wa Nachingwea wala wa Ujerumani, anayeweza kukata kioo cha namna hiyo kikabaki kizima. Yupo daima kijana anayesema ana rafiki yake Masasi anaweza. Mpe kioo cha mtu mwingine akajaribie.

Cha mbele ni kingine. Kile ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kinapata ufa lakini hakimwagiki. Aliyekisajili mwaka 1909 ni mkemia wa Ufaransa aitwaye Édouard Bénédictus, na naomba nitangulie kabla ya watani: hapana, hakuwa na uhusiano na Wabenediktini wa Ndanda waliofika 1906. Yule alikuwa anaangusha chupa maabara. Hawa walikuwa na kazi nyingine.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, kutafuta kioo kizima kutoka gari lililokufa: aina ileile, mlango uleule, upande uleule, kwa sababu vina mpindo na mpindo haubembelezwi. Ya pili ni ya wenye magari yenye vioo bapa, kama Land Rover za zamani. Hao wanaweza kukatiwa kioo chenye utando katikati, kwa kipimo cha kadibodi iliyochorwa vizuri. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba usikiweke, hata kama kimebaki kwenye ujenzi na kinakutazama. Kikivunjika kinatoa visu.

Wanaoweka turubai nawaelewa. Wanaoweka mbao ya plaiwudi pia nawaelewa, ila waikate tundu la kuonea kioo cha pembeni, maana faini ya barabarani haisikii habari za embe bichi.

4. Mgeni mwenye nyumba mgongoni

Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma lilipofunguliwa 2010 pale Mtambaswala, wasafiri wa kutoka kusini wakapata njia: Msumbiji, daraja, Mangaka, Masasi. Wengi hukata kwenda Mtwara kutafuta bahari. Wachache hupinda kushika kilomita zipatazo 45 za Nachingwea, na wachache zaidi hujikuta Mnero, sijui wanatafuta nini. Labda karanga za 1947. Tuwaambie kabisa, mradi wa karanga wa Waingereza ulikufa 1951, na hata reli waliyoijenga kutoka Mtwara ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Karanga zilizopo ni za mama pale stendi, kwa kikombe.

Mgeni wa aina hii huja na gari-nyumba. Mara nyingi ni Kombi, kwa sababu Afrika Kusini waliendelea kuzitengeneza zile za umbo la mraba hadi 2002. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki, na kando kuna dirisha ambalo fundi wa Hiace hajawahi kulikuta mlangoni: vipande vya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vinavyofunguka vyote kwa pamoja ukizungusha kihendeli kidogo. Wanaokumbuka madirisha ya nyumba za kota za serikali watalitambua haraka.

Usilicheke. Lina hekima ambayo sisi wa ukanda wa malaria tunapaswa kuipigia makofi. Kihendeli kiko ndani, wavu wa mbu uko kati yako na vioo, na unafungua dirisha zima bila kugusa wavu. Hewa inaingia, mbu anabaki nje akisoma namba za gari.

Ubaya wake uko kwenye gia. Hendeli inazungusha skrubu, skrubu inasukuma gia, gia inasukuma upau mmoja uliounganishwa na vipande vyote. Kwenye madirisha mengi ya zamani gia hiyo imemiminwa kwa madini laini, na viungio vya upau ni vya alumini. Alumini ikikaa kwenye unyevu inaota unga mweupe na kushikana. Mgeni anazungusha, vioo vinakataa, anaongeza nguvu, na kinachosalimu amri ni gia.

"Rafiki, pole sana. Umezungusha kwa nguvu?"

"Kidogo."

Kidogo ya mgeni ni meno matatu.

Namna ya kumsaidia: kwanza tenganisha upau na gia, ujaribu vipande vya vioo kwa mkono. Vikiwa vigumu, weka mafuta mepesi kwenye kila kiungio na uvichezeshe taratibu, tena na tena, hadi vilegee vyenyewe. Ukifunga gia mpya kwenye viungio vilivyoganda umenunua gia ya kuvunja. Pili, fungua kasha la gia ulitazame kwa makini. Gia haizunguki yote; hutumia sehemu tu ya meno yake. Ikiwa ni ya duara kamili, igeuze, meno ambayo hayajawahi kufanya kazi yaanze zamu. Ikiwa ni kipande cha duara, itabidi kwenye karakana yenye mashine ya kukereza ichongwe nyingine ya shaba, na hiyo itadumu kuliko gari. Vishikizo vya kioo vya pembeni vikikatika, bati jembamba lililokunjwa vizuri linatosha.

Mgeni atataka kupiga picha ukifanya kazi hiyo. Mwache. Ila gia ya zamani usimrudishie kabla hujalipwa, maana wengine hupenda kwenda nayo kama kumbukumbu na kusahau mengine.

3. Mashine imekula meno

Hiki ndicho watu wanachokitaja kila kioo kinapogoma: "Mashine imekufa." Nusu ya mashine zinazotangazwa marehemu ziko hai, lakini tuseme hii kweli imekufa.

Mashine ya kioo ni kitu cha kupendeza ukiitoa mlangoni. Shina la hendeli lina gia ndogo. Gia ndogo inasukuma bamba la nusu duara lenye meno. Bamba limeshikamana na mikono miwili iliyopishana kwa umbo la mkasi, na kwenye ncha za mikono kuna vigurudumu vya nailoni vinavyotembea ndani ya reli iliyoshika ukingo wa chini wa kioo. Mkasi ukifunguka, kioo kinapanda. Kuna springi nene inayosaidia kubeba uzito, na nyuma ya hendeli kuna springi nyingine ndogo ya kukaba, ambayo kazi yake ni kukuruhusu wewe kukizungusha kioo lakini kukizuia kioo kisikuzungushe wewe. Kioo kinachoshuka chenyewe kwenye kila korogesheni, mshuku huyo wa pili.

Meno huliwa mahali pamoja, na mahali hapo panajulikana. Ni pale kioo kinaposimama nusu, usawa wa kiwiko cha dereva. Dereva wetu hapendi kioo wazi wala kilichofungwa. Anapenda kuegemea. Mwaka hadi mwaka uzito wa kioo, wa kiwiko na wa hadithi zake unakaa juu ya meno hayo mawili. Fundi mzuri atayajaza kwa kuchomelea na kuyachonga upya kwa tupa, polepole, akijaribu kila mara na gia ndogo. Fundi mwenye haraka atachomelea na kukuambia "ingia tu, itajipanga yenyewe".

Vigurudumu vikivunjika, chonga vingine kutoka ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Unakatika vizuri, unateleza, haupigi kelele. Mwenye jiko aarifiwe kabla.

Mambo mawili hapa sina mzaha nayo. Kabla ya kufungua bolti za mashine, kiinue kioo hadi juu na ukishikize kwa utepe wa gundi au kabari, la sivyo kitaanguka kwa uzito wake na utarudi kisa namba 5. Na kabla ya kugusa ile springi nene, lifunge bamba kwa bolti au kleimpu lisisogee. Springi ile imejikunja kwa nguvu nyingi, ikiachiwa ghafla mkono wa mkasi unafyatuka, na vidole vya binadamu havipatikani kwenye maduka ya spea.

Ukiagiza mashine ya mtumba Dar es Salaam ije na basi, usiseme "ya mlango wa dereva". Yapo magari ya usukani wa kushoto, na muuzaji hayaoni mawazo yako. Sema kulia au kushoto ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Ya kulia haiingii kushoto hata uisomee dua, na basi halirudi na mzigo kwa huruma.

2. Kigingi cha muda

Kipande cha mti. Bisibisi. Kadibodi iliyokunjwa mara nne. Kandambili moja ya kulia. Vyote hivi nimeona vikishikilia vioo vya magari, na kila kimoja mwenyewe alikiita cha muda.

"Hiki nakitoa nikifika Ruangwa."

"Uliniambia hivyo wakati wa bao la kwanza la Namungo ligi kuu, kaka."

Kigingi kinapotosha kioo. Kinakisukuma upande mmoja, kioo kinakaa kwa mshazari, na reli ya mlango inajifunza ubaya huo. Kisha gari linaingia shimoni, kigingi kinadumbukia ndani ya mlango, na sasa una kioo kilichoanguka na kigingi kinachokaba mkasi. Mashabiki wa Namungo nao hawajambo: siku ya mechi wanabana mti wa bendera kwenye kioo na kuzungusha hendeli kwa mapenzi ya timu. Ushindi unapatikana, njia ya kioo inabaki imepanuka, na mvua ya kwanza inaingia bila tiketi.

Mbaya kuliko wote ni aliyetoboa bati la mlango na kupiga skrubu hadi kwenye reli ili kioo kisishuke tena. Huyo sina la kumwambia. Auze gari, na mnunuzi aambiwe ukweli.

1. Vumbi kwenye raba

Naam. Namba moja si mashine, si gia, si mgeni. Ni ile njia nyembamba ya raba na kitambaa ambamo kingo za kioo hupita, kushoto na kulia, na hakuna anayeitazama.

Fanya jaribio moja kabla ya kununua chochote. Fungua kava, tenganisha kioo na mashine, kisha kipandishe na kukishusha kwa mikono. Kikienda kwa wepesi, haya, mashine ina kesi ya kujibu. Kikiwa kizito, mashine haina kosa, ilikuwa inalazimishwa kuvuta mzigo usio wake. Hendeli ya namba 10 ililika kwa uzito huo. Meno ya namba 3 yaliliwa kwa uzito huo. Kigingi cha namba 2 kiliwekwa kwa sababu mtu alichoka kupambana na uzito huo. Umewafukuza watumishi wote, kumbe mwizi amekaa sebuleni.

Ichokonoe njia hiyo kwa njiti ya mti uone kinachotoka. Chini kabisa kuna udongo mwekundu ulioshikana kwa mvua za mwaka jana. Juu yake mstari mwembamba wa njano: hiyo ni salfa ya mikorosho, ule unga tunaopulizia kiangazi dhidi ya ubwiri unga, uliobebwa na gari hilihili magunia yakivuja. Juu ya salfa vumbi jipya la kahawia. Kati yake manyoya ya kuku, ya yule mzee. Kioo kinapita kwenye hayo yote kila unapozungusha, na kinakwaruzika mistari ya wima ambayo dereva hudhani ni ya kiwandani.

Na mafuta? Hapo ndipo tunapojimaliza. Kioo kikiwa kizito, mtu anachukua oili chafu ya injini, au grisi, anaipaka kwenye raba. Siku mbili kioo kinateleza, anasifiwa. Siku ya tatu vumbi lote la barabara limepata mahali pa kuganda, na raba inaanza kuvimba, maana mafuta ya petroli na raba nyingi havipatani. Grisi ina mahali pake: kwenye meno ya mashine, kwenye reli ya vigurudumu, chuma kwa chuma. Kwenye raba ni sabuni, maji na mswaki wa zamani, uoshe hadi maji yatoke meupe, uache ikauke kabisa juani, kisha upulize silikoni au, usipoipata, upake poda kavu kidogo. Ile ya mtoto inafaa. Gari litanukia vizuri na watu watauliza maswali. Raba iliyokatika au kulika kitambaa chake badilisha, usiishone.

Watani wa Ruangwa wanasema vumbi linalojaza vioo ni la Nachingwea, wao siku hizi wana lami. Sisi tunasema lami yao ndiyo inayowafanya waje kwetu kwa kasi na kulitimua. Kesi hiyo haitaisha leo.

Ratiba ya kuosha ninayoishauri ni mara mbili: mvua zikikatika, na tena Septemba, salfa ikishamaliza kupulizwa na kabla korosho hazijaanza kupakiwa. Usisubiri zaidi ya hapo. Minada ya korosho ya RUNALI, chama chetu cha ushirika, ikianza, kwa kawaida Oktoba, kila mwenye gari bovu anapata hela siku moja na wenzake, na bei ya fundi wa vioo nayo inaingia mnadani.